Uvira: Weka kidole pahali penyewe, namna ya kukosoa picha bila ugomvi

UVIRA – Katika mji wa Uvira, picha inafanya kazi ambayo maandishi hayawezi. Kwenye ukuta wa kituo cha afya, karibu na bomba la watu wote, au mahali walipojihifadhi wahamishwa, kuna mama anayesema Kifuliiru, Kivira, Kibembe au Kirundi na ambaye hakusoma Kifaransa. Huyo mama anategemea mchoro. Mchoro ukimdanganya, hana njia nyingine ya kujua.

Jambo hili lilionekana zaidi tangu usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, wakati mto Mulongwe ulipofurika, ukaua watu na kuacha maelfu ya jamaa bila nyumba. Tena kipindupindu ni mgeni asiyeaga hapa. Utafiti juu ya Uvira uliochapishwa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba siku maji ya bomba yanapokatika, wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kipindupindu wanaongezeka katika siku 12 zinazofuata. Kwa hiyo mabango ya afya yanachorwa kila mara, na vijana wachoraji wanapata kazi.

Shida inaanzia pale bango linapoletwa mbele ya wenzake mchoraji ili walitazame kabla ya kuchapishwa. Kijana mmoja wa kartiye Kasenga alichora kwa siku nne bango la kufundisha wazazi kutengeneza maji ya sukari na chumvi kwa mtoto anayeharisha. Wa kwanza akamwambia: "Ni zuri, ila kuna kitu kinakosa." Wa pili akasema: "Lipe nguvu kidogo." Wa tatu hakupenda rangi. Kijana akarudi nyumbani na maneno matatu ambayo hayaonyeshi pahali pa kushika kalamu. Akabadilisha rangi ya anga.

Wazee husema penye wengi hapaharibiki neno. Lakini wengi wakisema pamoja bila kuonyesha pahali, neno linaharibika vizuri sana.

Dada mmoja wa kikundi hicho, aliyewahi kusahihisha madaftari ya wanafunzi, ndiye aliyetoa shauri. Bango likatolewa kopi tano. Kila mmoja akapewa kopi yake na kalamu nyekundu, akaambiwa asiseme kitu kwanza. Azungushe duara pahali panapomsumbua, aandike namba ndani yake, kisha chini ya karatasi aeleze namba hiyo kwa sentensi moja. Namba moja, jambo moja. Kopi mbili zilizobaki zikapelekwa kwa akina mama waliohamishwa, kwa kuwa bango lilikuwa lao.

Wale wasiojua kuandika hawakuachwa nyuma. Walipewa punje za maharagwe. Mama anaweka haragwe juu ya sehemu asiyoielewa, anaeleza kwa mdomo, na dada anaandika. Kisha picha inapigwa kwa simu kutoka juu, ili maharagwe yaonekane yalipokaa.

Maharagwe mengi yalikaa pahali pamoja: juu ya vijiko. Dawa hiyo ya nyumbani inataka lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikisawazishwa kwa kisu. Mchoraji alikuwa amechora vijiko sita na nusu kwa mstari mmoja, vyote vyeupe, vyote vimejaa hadi kilima. Mama mmoja akauliza: "Mwanangu, chumvi ni ipi hapa?" Hakuna aliyeweza kumjibu kwa kutazama picha peke yake.

Haragwe la pili lilikaa juu ya chupa. Chupa iliyochorwa ilifanana na ya bia, na chupa ya bia haifikii lita moja. Anayepima kwa hiyo anatengeneza maji yenye chumvi kupita kiasi, na chumvi nyingi inaweza kumdhuru mtoto ambaye mwili wake umekauka. Anayepima kwa chupa kubwa ya plastiki ya lita moja na nusu, dawa yake inakuwa hafifu. Yule aliyesema "kuna kitu kinakosa" alikuwa na haki, lakini neno lake halikuweza kusaidia mtu. Duara juu ya chupa lilisaidia.

Kazi hii haikuanzia Uvira. Mjini Dar es Salaam, tangu mwaka wa 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa vyuo na wakaazi wa mitaa inayopatwa na mafuriko. Walichora nyumba, mifereji na njia juu ya picha zilizopigwa kutoka angani, na wenyeji wakaonyesha maji yanafikia wapi. Missing Maps, iliyoanzishwa mwaka wa 2014 na mashirika kama Madaktari Wasio na Mipaka na Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza, inafuata njia hiyo hiyo: mtu wa mbali anachora paa analoliona kwenye picha ya setelaiti, lakini mwenyeji ndiye anayejua kama paa hilo ni shule au ni ghala. Aliye mbali anaona umbo, aliye karibu anajua jina.

Kwa vikundi vya mjini vinavyochora mabango, nembo, mashati ya vyama au michoro ya vyoo kwa ajili ya wahamishwa, kuna mambo machache ya kushika.

Kwanza, mkubwa aweke alama zake mwisho. Akianza yeye, wengine watazungusha duara pale pale alipozungusha yeye.

Pili, mtu aseme anachokiona kabla ya kusema anachotaka. "Naona mtoto amelala" inamfundisha mchoraji kuliko "mtoto abadilishwe."

Tatu, kila namba ipate jibu: imebadilishwa, imekataliwa kwa sababu fulani, au inangoja. Namba isiyojibiwa inamfanya aliyeiandika anyamaze mara ya pili.

Nne, karatasi iandikwe tarehe na itunzwe. Wiki mbili baadaye mtu atauliza kwa nini chupa iliondolewa, na jibu litakuwa pale.

Wasio na pesa ya kopi wanaweza kupiga picha mchoro na kuuchora kwa kidole ndani ya WhatsApp kabla ya kuutuma. Ila kuna onyo. Picha inayoonyesha sura za wahamishwa, au ramani yenye alama za mahali wanapolala, isitumwe ovyo katika makundi. Alama inayomsaidia mchoraji inaweza pia kumwelekeza mwenye nia mbaya.

Bango la Kasenga lilichorwa upya. Sukari ikakaa upande mmoja na vijiko sita vilivyosawazishwa kwa kisu. Chumvi ikakaa upande mwingine na nusu kijiko, ikiwa ndani ya pakiti yake inayojulikana sokoni. Chupa ikaondolewa, ikawekwa dumu yenye mstari wa lita moja. Chini ikaongezwa picha ya mama akimbeba mtoto kwenda kituo cha afya, maana mtoto anayeharisha maji maji anapelekwa kwa muganga bila kukawia, hata kama ameisha kunywa dawa ya nyumbani.

Rangi ya anga haikuguswa tena. Hakuna haragwe hata moja lililokaa juu yake.