Kirusi cha Semliki Kilifika Heidelberg Kabla Yetu

Mwaka 1942 watafiti wa taasisi ya Entebbe, iliyoanzishwa kuchunguza homa ya manjano, waliwakuta mbu wa msitu wa Semliki, kule Bwamba nchini Uganda, wamebeba kirusi kisichojulikana. Wakakipa jina la msitu. Miaka arobaini na kitu baadaye kirusi hicho kilikuwa Heidelberg, Ujerumani, kimegandishwa ghafla ndani ya utando mwembamba wa maji, Jacques Dubochet na wenzake wakikipiga picha kwa hadubini ya elektroni. Picha zao za 1984 zilionyesha kwamba virusi vinaweza kutazamwa vilivyo, bila kutiwa rangi wala kukaushwa, na mwaka 2017 Dubochet akapata Nobeli ya Kemia pamoja na Joachim Frank na Richard Henderson. Kwa hiyo sisi Waganda tunaokwenda Ujerumani kwa utafiti wa baada ya uzamivu tumetanguliwa na mkazi wa Bwamba.

Mimi nachunguza jinsi virusi vinavyoshika sukari. Si ile ya chai. Kila seli ya mwili imevikwa minyororo ya sukari, na virusi vingi huanzia hapo. Kirusi cha mafua hung'ang'ania asidi ya sialiki, na namna asidi hiyo ilivyoungwa kwenye mnyororo wake ni sababu mojawapo ya mafua ya ndege kutompata binadamu kwa urahisi. Kirusi cha rota, kinachoharisha watoto, hushika kwa ncha ya protini yake ya VP4, na aina nyingi zinazoambukiza watu hufuata sukari za jamii ileile inayotofautisha makundi ya damu.

Ulaya kazi hii huendeshwa kwa utulivu wa ajabu. Unaagiza jeni, inakuja kwa posta. Bakteria wanakutengenezea protini, unaisafisha, unaichanganya na sukari, unasubiri fuwele zijitokeze. Zikijitokeza, unazipeleka Hamburg au Grenoble kwenye mitambo ya duara inayotoa eksirei kali, na usiku kucha unakesha ukitazama vitone kwenye skrini. Miezi inapita hivyo, na hakuna anayekuuliza itamfaa nani. Ila mkataba ni wa mwaka, labda miwili, na sheria ya Ujerumani kwa kawaida inakupa miaka 6 tu ya mikataba ya namna hiyo baada ya uzamivu. Mwaka 2021 watafiti walilalamika mtandaoni kwa wingi kuhusu maisha haya ya kuhesabu miezi, na walikuwa na haki.

Nyumbani Kampala shangazi yangu wa Bukoto huniuliza kila nikija: "Mwanangu, daktari gani wewe, hata dawa ya kikohozi huandiki?" Namjibu kwa kucheka, maana jibu lenyewe ni refu. Hapa ukimaliza uzamivu unapewa darasa lililofurika, rundo la mitihani ya kusahihisha, na wanafunzi wa kuwasimamia. Jioni unafanya ushauri elekezi kwa moja ya mashirika yenye ofisi kati ya Bukoto na Ntinda, kwa sababu ada za shule hazingoji fuwele. Nawajua wanakemia hodari ambao maandishi yao ya karibuni ni ripoti za kunawa mikono. Siwalaumu hata kidogo.

Watu wakizungumzia pengo hili hutaja mashine, na kweli Afrika nzima haina hata mtambo mmoja wa eksirei wa aina ile. Umeme nao unakatika, na vimeng'enya vikichelewa uwanja wa ndege hufika vimeharibika. Lakini mimi naona mashine inasingiziwa mno. Hifadhidata ya dunia ya maumbo ya protini imekuwapo tangu 1971, na mtu yeyote aliyeketi Bukoto na kifurushi cha data anaweza kupakua bure VP4 ya rota iliyoshikana na sukari yake. Kinachokosekana ni ile nafasi yenyewe: mshahara wa miaka miwili wa kufuata swali moja.

Na maswali yapo. Utafiti uliochapishwa 2014 kuhusu watoto wa Burkina Faso ulionyesha kwamba wasio na sukari za kundi la Lewis, mojawapo ya sukari hizo za makundi ya damu, hawakuambukizwa rota ya aina ya P[8], bali walipatwa zaidi na P[6]. Watoto wa namna hiyo ni wengi zaidi Afrika kuliko Ulaya. Chanjo ya Rotarix, inayotumika sana duniani, imetengenezwa kwa kirusi cha P[8]. Uganda ilianza kuchanja dhidi ya rota mwaka 2018. Je, chanjo ya P[8] inawashika sawasawa watoto wote wa Kamwokya, hapo bondeni chini ya Bukoto? Kuanza kulijibu hilo kunahitaji idhini ya wazazi, mate ya watoto ya kupimia sukari zao, kompyuta moja, na mtu asiye na vipindi vya kufundisha Jumatatu hadi Ijumaa.