Simba Mwenda Pole: Kumtafuta Mnyama Mwambao wa Tanganyika

Ndugu msomaji, yamkini nawe umepata kusikia ikisemwa kwamba Kigoma ni mwisho wa reli. Ndivyo ilivyo. Reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika ukingoni mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1914, na hadi leo msafiri wa garimoshi atokaye Dar es Salaam hukata kilometa zipatazo 1,250, akipita Morogoro, Dodoma na Tabora, kabla ya kuyaona maji ya ziwa hilo. Nilifunga safari hiyo kwa nia moja tu, nayo ni kwenda Gombe kuwaona sokwe. Nilidhani kuwaona ni jambo la kulipa kiingilio na kutazama, kama mtu aendaye sinema. Nilikosea, na kosa hilo ndilo ninalotaka kukusimulia.

Nilishuka stesheni nikiwa na mafua. Hayakuwa mafua ya kumlaza mtu kitandani. Ni kamasi kidogo na koo lililokwaruza. Asubuhi nilipokwenda Kibirizi, kaskazini ya mji, mahali yanapopakia maboti ya kwenda vijiji vya mwambao, nilikwisha kuamua moyoni kwamba nitayaficha. Mhariri alikuwa amenipa siku kumi, na nauli ilikwisha kulipwa. Mwongozaji niliyeagana naye, kijana mtulivu aliyezaliwa papo hapo mwambaoni, alinisalimu, akanitazama usoni, kisha akaniuliza, “Kaka, u mzima?”

Nilisita. Ndimi mbili zilinipigania kinywani. Mwishowe nilimwambia kweli.

Hakukasirika. Alinieleza kwamba ugonjwa wetu ni ugonjwa wao. Mwaka 1966 maradhi ya kupooza, yale yale yanayopooza watoto wetu, yaliwavamia sokwe wa Gombe. Wengine walikufa na wengine walibaki wakiburuta viungo. Mafua yetu nayo huweza kugeuka kwao kuwa ugonjwa wa mapafu. “Wewe utapona kwa siku tano,” alisema. “Yeye hana zahanati.” Nilishusha mfuko wangu kutoka botini.

Basi nikawa mtu wa kungoja. Nilikwenda Ujiji, mji mkongwe wa misafara, mwendo mfupi kwa daladala kutoka Kigoma mjini. Hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na mnara wa kumbukumbu upo. Nilipousimamia niliwaza kwamba Stanley naye alikuwa mtafutaji. Alitoka pwani akimtafuta mtu mmoja katika bara pana, na hakumpata kwa macho yake peke yake. Alimpata kwa kuwauliza waliotoka huko mbele na kwa miguu ya wapagazi waliozijua njia.

Ujiji nilijaliwa kukutana na mzee mmoja aliyekuwa mwindaji wa pongo enzi za ujana wake. Nilimwamkia, akanikaribisha mkekani chini ya mwembe. Nilipomweleza kisa changu alicheka, akasema, “Mwanangu, mafua yamekuletea shule.”

Akaanza kunifundisha. Pongo, alisema, si mnyama wa makundi kama nyumbu. Hutembea peke yake, hujificha vichakani karibu na maji, na hutoka kula majani alfajiri na jioni. Akishtuka hubweka kama mbwa, na wengi wasiojua hudhani kweli ni mbwa. Anayemtafuta haanzi na bunduki, huanza na ardhi: kwato ndogo zilizochongoka, mavi yaliyo mabichi au makavu, jani lililokatwa na ambalo bado linatoa utomvu. Kisha huuliza upepo. Mzee alichota vumbi, akaliachia hewani taratibu. Katika mwambao huu, alisema, usiku na alfajiri upepo hushuka kutoka milimani kwenda ziwani. Jua likipanda hugeuka, ukavuma kutoka ziwani kwenda milimani. Kwa hiyo mwindaji wa alfajiri hupanda kutoka chini, na wa mchana hushuka kutoka juu. Asiyelijua hilo hutembea kutwa nzima, na harufu yake humtangulia kama mpiga mbiu.

“Na ukimwona?” nilimwuliza.

“Ukimwona jike, au usipokuwa na hakika ya shabaha, unarudi nyumbani. Pongo dume aliyejeruhiwa hungoja kichakani na pembe zake. Kujua kumwacha ni nusu ya uwindaji.”

Nilitaka kujua kama bado huwinda. Alinyosha mkono kuelekea vilima. Alisema hata angekuwa na nguvu na kibali cha serikali, kwa maana kuwinda bila kibali ni kosa, vilima alivyovijua vimekatwa miti kwa kuni na mashamba. Wanawe hawajui kuusoma unyayo, maana hakuna unyayo wa kusoma. Alilisema bila kulalamika, kama mtu atajaye jina la marehemu.

Siku ya sita nilikuwa mzima, nami nikapanda boti.

Gombe iko kaskazini ya Kigoma, ukanda mwembamba wa mabonde na vilima vinavyoinuka kutoka ufukweni. Ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1943, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Tarehe 14 Julai, 1960, Jane Goodall alishuka hapo, msichana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 26 ambaye hakuwa na shahada yoyote. Kwa miezi ya mwanzo sokwe walimkimbia kila alipotokea. Dawa yake ilikuwa ile ile ya mzee wa Ujiji: alikaa kimya juu ya kilima, akiwa na darubini, akarudi hapo siku baada ya siku hata wakamzoea. Mwaka huo huo aliona mambo mawili yaliyowashangaza wataalamu, kwamba sokwe hutumia vijiti kutoa mchwa kichuguuni, na kwamba hula nyama. Naam, sokwe naye ni mwindaji. Windo lake kubwa Gombe ni mbega mwekundu, na mara nyingine mtoto wa pongo au wa nguruwe pori.

Mama huyo alifariki tarehe 1 Oktoba, 2025, na dunia nzima ilimlilia. Lakini yapo majina ambayo dunia haiyajui sana. Mwezi Mei, 1975, watu wenye silaha walivuka ziwa usiku kutoka Zaire, wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni. Wote waliachiwa baadaye, lakini wageni waliondoka Gombe. Je, kazi ilikufa? La hasha. Watanzania wa vijiji vya mwambao, miongoni mwao Hilali Matama, waliendelea kuwafuata sokwe na kuandika daftarini walichokiona. Wao ndio walioujua msitu, na kumbukumbu hazikukatika.

Elimu hiyo niliiona kwa macho yangu. Kila jioni sokwe hukunja matawi na kujitengenezea kiota kipya cha kulalia. Mfuatiliaji hukaa nao hadi walale, ili kesho yake kabla ya mapambazuko awe chini ya mti ule ule. Nami nilipelekwa hivyo, nikiwa na barakoa usoni. Nilivunja vijiti, nikateleza, nikahema kama mvukuto. Mwongozaji wangu alisimama tu, akasikiliza, akaokota tunda lililotafunwa na kutemwa, akasema, “Tukae.”

Tulikaa. Baada ya muda mrefu sauti ilipaa bondeni, ikajibiwa na nyingine. Kisha mama mmoja akashuka na mwanawe mgongoni, akapita mbele yetu bila kutujali, kama mtu apitaye uani kwake. Saa moja tuliyoruhusiwa ilikwisha kama dakika tano.

Ndugu msomaji, ukipata likizo nenda Kigoma. Watoto walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kwenda kuwafuata sokwe, lakini Ujiji na fukwe za ziwa zinawatosha. Huko Gombe, jitenge na sokwe angalau mita 10. Na kama una mafua, sema. Niliporudi Ujiji kuaga, mzee hakuniuliza kama niliwaona sokwe. Aliniuliza, “Wao walikuona?” Nikamjibu kwamba walinitazama mara moja, wakaendelea na shughuli zao. Akatikisa kichwa kwa ridhaa. “Basi,” alisema, “umeanza kujifunza.”