Tuliowatuza kwa Shilingi Zetu

Mwanangu, umezaliwa wakati ambapo simu hukuletea wimbo kabla hujamaliza kulitaja jina lake, na raha hiyo sikuonei gere. Ila siku hizi nasikia wakisema kwamba muziki wa dansi, majumba ya sinema na michoro ya Tingatinga ni urithi uliolelewa na serikali ya Mwalimu Nyerere. Si uongo, lakini ni nusu ya habari. Kweli mashirika ya umma yalinunua magitaa na kulipa mishahara ya wanamuziki, na kweli redio iliwarekodi. Nusu ya pili ndiyo niliyoishuhudia mimi: makuli wa bandarini, makarani, mayaya na wauza kahawa, watu wa kipato kidogo waliotoa shilingi zao wiki baada ya wiki kwa mapenzi tu. Bila hao, leo pasingekuwa na cha kurithi.

Nilikulia Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi wa katikati, kila chumba na mpangaji wake. Chumba cha mbele alikaa kuli wa bandarini ambaye watoto wote tulimwita Mjomba. Alikuwa na uso mpana, kovu juu ya nyusi, na viganja vigumu vilivyoshika santuri taratibu kama vimeshika kichanga. Jumamosi akirudi kazini alioga, akajipaka mafuta ya nazi, akavaa kikoi safi, kisha akaitoa barazani gramafoni yake ya betri. Harufu ya kahawa ilipanda kutoka mtaani, na ya samaki wa kukaanga ikitoka uani, na sisi tulikaa chini kumzunguka. Santuri moja ndogo ilikuwa kama shilingi 7, fedha ambayo ingelisha nyumba siku kadhaa, kwa hiyo haikuchezwa ovyo. Mjomba alitufundisha kusikiliza. Mara ya kwanza tufuate gitaa la solo peke yake, mara ya pili rithimu, mara ya tatu besi, mwisho tumba. Baada ya hapo ndipo alipoturuhusu kuimba. Mpaka leo nikisikia wimbo wowote masikio yangu hupita njia hiyo hiyo.

Aliyempenda kuliko wote ni Mbaraka Mwinshehe. Ulikuwa wakati wa Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda hadi Japani mwaka 1970 kwenye maonyesho ya Osaka, kabla Mbaraka hajatoka mwaka 1973 na kuunda Super Volcano. Alikuwa mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja, hivyo sauti yake ikiuliza, gitaa lake lilijibu. Nchini kwetu hapakuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi ziliingia studio za Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, zikarekodiwa kwenye kanda, na nyimbo zikabaki kuwa za redio. Bendi iliyotaka kutoa santuri ilibidi ifunge safari ya Nairobi. Kwa hiyo sauti ya mtu wa Morogoro ilikuja Kariakoo ikitokea Kenya. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, na santuri zikawa za kutafutwa kwa tochi. Januari 1979, nchi ikiwa vitani na Idi Amin, tukasikia kwamba Mbaraka amefariki Mombasa kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 34. Jioni ile Mjomba alipiga santuri zake zote za Mbaraka, moja baada ya nyingine, mpaka betri zikalegea na sauti ikawa nzito. Betri nazo wakati huo zilikuwa adimu, na kila aliyekuwepo barazani alijua ametumia nini.

Usidhani mapenzi hayo yalikuwa ya kizazi cha Mjomba peke yake. Mimi nilikuwa mwanafunzi mwaka 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulipokuwa ukiwasaka mitaani wenye sketi fupi na suruali za kubana katika Operesheni Vijana, na mwaka huo huo mkoa ukapiga marufuku muziki wa soul. Wenzangu wa shule walinuna. Lakini sisi tulikuwa pia na bugi, dansi la mchana la vijana, na shilingi 2 zilitosha kukuingiza. Ukumbi ulinuka jasho, pomada na moshi wa mishikaki uliopenya madirishani. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake na kila mtindo na watu wake. Western Jazz walikuwa na Saboso. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanza mwaka 1964, wakawa na Msondo. Ilipoundwa Mlimani Park mwaka 1978, na mtindo wake wa Sikinde, na waimbaji Muhidin Gurumo na Hassani Bitchuka wakahamia huko kutoka Msondo, mji uligawanyika. Nyumba moja mume alikuwa Msondo na mke Sikinde, na mgonjwa hospitalini aliulizwa hali yake kisha akaulizwa bendi yake. Hayo yalikuwa majina ya ngoma kabla ya kuwa mitindo ya dansi, nasi tuliyabeba kwa uzito wa ukoo. Gurumo akisimama mbele ya kipaza sauti, mwembamba, mtulivu, bila mbwembwe, watu walitoka mmoja mmoja kwenda kumtuza, na noti ya shilingi 10 ikabandikwa kwenye paji la uso lililolowa jasho. Aliyetuza mara nyingi alirudi nyumbani kwa miguu, maana hiyo ndiyo iliyokuwa nauli.

Sinema nayo ilikuwa na watu wake. Avalon, Empire, Empress, Odeon, New Chox: hayo ndiyo majina tuliyoyajua vizuri kuliko majina ya mawaziri. Jumapili ya picha ya Kihindi foleni ilizunguka jengo, walanguzi wakiuza tiketi kwa bei maradufu, akina mama wakiwa na khanga mpya na vifurushi vya karanga na ubuyu. Viti vya mbele kabisa vilikuwa shilingi 2, na ulitoka shingo imekupinda. Wazazi wetu walikuwa na Raj Kapoor wao. Sisi tukawa na Django, kisha Bruce Lee, ambaye tayari alikuwa amefariki Enter the Dragon ilipotufikia. Ilipokuja Sholay, shangazi yangu aliiangalia mara nyingi hata akawa anasimulia mazungumzo yake bombani, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili, naye Kihindi hakukijua. Majirani waliokosa tiketi waliiona filamu ile kupitia uso wake, akilia panapoliliwa na kukunja ngumi panapopiganwa, ndoo zikijaa na kumwagika.

Shangazi huyo alikuwa yaya Oysterbay, na kwa sababu yake ndiyo nikamwona Edward Saidi Tingatinga. Alikaa nje ya Morogoro Stores, mtu aliyetoka Tunduru, akapita mashamba ya mkonge Tanga na vibarua vingi vya mjini kabla ya kushika brashi mnamo mwaka 1968. Alichora juu ya vipande vya mraba vya hadibodi kwa rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli, na harufu yake kali ilikufikia kabla hujaiona picha. Chui wake walikuwa na macho ya mtu anayekujua. Wanunuzi wengi walikuwa Wazungu wa mtaa ule, lakini shangazi alinunua ndege mmoja kwa shilingi 10, akamtundika juu ya kitanda, na majirani wakamshangaa kulipia ubao. Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka isiyozidi minne, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea pale pale, na chama chao cha ushirika kipo Oysterbay hadi leo.

Sasa sikiliza kilichofuata. Miaka ya 1980 kanda za video ziliingia majumbani, mwaka 1994 televisheni ikaanza Tanzania Bara, na majumba ya sinema yakafunga milango moja baada ya jingine. Pale palipokuwa na Drive-in, ambako tangu mwaka 1966 familia nzima ilijazana ndani ya gari moja kutazama picha nje chini ya anga, leo pamesimama ubalozi wa Marekani. Mashirika yakauzwa au yakafa, na bendi nyingi zikafa nayo, kwa kuwa magitaa hayakuwa ya wanamuziki. Lakini Msondo na Sikinde hawakufa. Aliyewalipa mishahara aliondoka, jina la chama likabadilika mara kadhaa, Gurumo mwenyewe akatangulia mbele ya haki mwaka 2014, na bado walipigia watu wao, kwa sababu watu wao waliendelea kuja langoni na fedha mkononi. Huo ndio ushahidi wangu kwa wanaosema serikali ndiyo iliyoyalea haya.

Ndege wa shangazi ninaye, na nikifa atakuwa wako, lakini usimweke kabatini kwa sababu bei yake imepanda. Mtundike aonekane. Na katika zama zako yupo mtu anayechora kwenye kibanda cha barabarani, au bendi inayopigia ukumbi nusu mtupu, ambayo wakubwa hawajaitambua na pengine hawataitambua. Usingoje waitangaze. Ukiwapenda, nenda, lipa kiingilio kizima, usiombe kuingia bure kwa kujuana, na wimbo ukikugusa inuka ukamtuze mwimbaji angali anakuona.