Siku Tatu Bujumbura: Niliyoyaona, Niliyoyanunua na Hesabu ya Pesa Zenu

Wenzangu wa gazeti letu waliniomba niandike juu ya safari yangu ya Bujumbura wakati wa likizo kubwa, nami nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, ndugu wengi walioingia Burundi mwaka 2025 wananiambia walipita karibu na mji huo wakiwa wamechoka, watoto wanalia, na hawakuona kitu. Pili, nilibeba pesa za watu, na pesa za watu zina maneno. Basi leo nayasema yote hadharani.

Mambo yalianza na picha. Msichana mmoja darasani alileta simu ya mama yake ikiwa na picha za shangazi yake aliyehamishiwa Ubelgiji, mji wa Bruxelles. Tukaona uwanja wa Grand-Place wenye nyumba za zamani zilizopambwa kwa dhahabu. Tukaona Atomium, yale madude ya mviringo tisa yaliyounganishwa kwa vyuma, yenye urefu wa mita 102, yaliyojengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka 1958. Halafu picha ya mwisho: shangazi amesimama mtaa wa Matonge, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, ameshika mfuko wa sombe na samaki wa chumvi. Darasa zima likacheka. Eti mtu afike Ulaya, akanunue sombe!

Hapo mvulana mmoja akauliza: "Mwalimu, na sisi mji wetu wa kwenda kutembea ni upi?" Nikamjibu Bujumbura. Akasema: "Wewe umeshafika?" Nikanyamaza. Nilipita pale nikiwa mtoto mgongoni kwa mama, na hiyo si kufika. Siku ile niliamua kwamba nikipata kibali, nitaenda.

Nilipata kibali cha siku tatu. Habari ya safari katika kambi haifichiki. Kabla ya jua kuzama, watu saba walikuwa wamefika mlangoni na orodha zao. Mama mmoja alitaka kitenge cha yadi 6 kwa harusi ya binti yake, akanipa faranga 45,000. Fundi viatu alitaka gundi na uzi mgumu. Vijana wa mpira walitaka pampu. Mama wawili walitaka ndagala wakavu. Mzee mmoja alitaka miwani ya kusomea. Walimu wenzangu walichanga pesa ya ramani ya Afrika ya kubandika ukutani. Mimi mwenyewe nilikuwa na faranga 40,000 za viatu, maana vile vyangu wanafunzi wanavijua, sina haja ya kuvieleza.

Wa mwisho alikuwa nyanya mmoja jirani yetu, ambaye sote tunamwita Koko. Yeye hakuwa na pesa. Akasema: "Mwalimu mwanangu, mimi sitaki kitu. Ufike tu ku maji, uniangalie milima ya kwetu, kisha uje uniambie kama umeiona." Koko ni mtu wa Uvira, na ana miaka mingi hapa kambini. Nikamwambia: "Ndiyo Koko, hiyo ndiyo rahisi kuliko zote." Kumbe sikujua ninachosema.

NJIANI

Tuliondoka Ruyigi alfajiri, baada ya kungoja gari muda mrefu kwa sababu mafuta yalikuwa adimu. Tukapita Gitega, ambayo tangu 2019 ndiyo mji mkuu wa kisiasa, na Bujumbura ikabaki mji mkuu wa biashara. Baada ya Muramvya tukapanda hadi Bugarama. Pale kuna baridi ya kweli, na akina mama wanauza kabichi, karoti na viazi kando ya barabara. Kutoka Bugarama barabara inateremka kwa kona nyingi, na masikio yanaziba. Hapo ndipo nilipowaona vijana wa baiskeli waliopakia mikungu ya ndizi na mkaa wakishuka kama upepo. Wengine walikuwa wanapanda, mkono mmoja umeshika nyuma ya lori ili wavutwe. Wazazi, nilifumba macho. Wanafunzi wangu, msijaribu hata siku moja.

Halafu baada ya kona moja, ukaonekana mji wote chini, na joto likatupokea.

MJI WENYEWE

Bujumbura zamani iliitwa Usumbura. Wajerumani waliweka kituo cha askari pale mwishoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1916 Wabelgiji wakauchukua, wakaufanya makao ya utawala wa Ruanda-Urundi. Jina la Bujumbura lilikuja na uhuru, mwaka 1962. Kwa hiyo Wabelgiji wale wale wenye Grand-Place ndio waliochora barabara nyingi za katikati ya mji huu. Tofauti ni kwamba hapa miembe inaota kando ya barabara.

Siku ya kwanza nilipanda kwa miguu hadi kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, juu ya kilima. Chama chake kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961, akawa waziri mkuu, na tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo akapigwa risasi katika hoteli karibu na ziwa. Hakuuona uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Nilisimama pale nikafikiri: mtu huyu hakufikisha hata miaka thelathini, karibu na umri wangu. Kutoka juu unaona kanisa kuu la Regina Mundi, mabati ya mitaa, bandari, na ziwa.

Lakini ng'ambo ya ziwa sikuona kitu. Ukungu wa kiangazi na moshi vilikuwa vimefunika kila kitu, kama shuka iliyotundikwa. Milima ya Koko haikuwepo. Nikajiambia, kesho.

Nilifika pia Musée Vivant, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1977, ambako wanaonyesha nyumba ya kifalme ya asili iliyojengwa kwa nyasi, ngoma, na mamba walio hai. Sikufika Mugere, kusini mwa mji, lenye lile jiwe la Livingstone na Stanley, kwa sababu nauli ingekula pesa ya chakula. Ila wanafunzi mlijue hili kwa mtihani: watu wengi husema wazungu hao walikutana hapo kwa mara ya kwanza. Si kweli. Walikutana Ujiji, Tanzania ya leo, Novemba 1871, kisha wakaja kwa mtumbwi hadi Mugere tarehe 25 ya mwezi huo huo. Tarehe hiyo imechongwa juu ya jiwe.

SOKONI, NA KOSA LANGU

Siku ya pili ilikuwa ya kununua. Wakubwa wetu wanakumbuka soko kuu la katikati ya mji. Soko hilo liliungua tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara wengi wakapoteza mali yote, na biashara ikatawanyika kwenye masoko mengine. Sasa watu wanaenda kwa Siyoni, au Ruvumera, kule Buyenzi.

Buyenzi ndugu zangu! Huo ni mtaa wa Waswahili tangu enzi za wakoloni. Kuna misikiti, cherehani zinalia kila upande, na mafundi wako chini ya magari. Kote mjini nilikuwa natafuta maneno ya Kirundi na Kifaransa, lakini Buyenzi nilifungua mdomo tu. Mama muuza chapati alinisikia akasema: "Karibu mwanangu, wewe ni wa ng'ambo." Hakuuliza swali lingine, na chapati alinipa ya moto.

Nilipata gundi, uzi, pampu na miwani. Miwani nilijaribu kwa kusoma maandishi madogo ya karatasi ya dawa, kama mzee alivyonielekeza. Ramani niliipata katikati ya mji, nikaikunja ndani ya bomba la plastiki.

Sasa kosa. Kabla ya kufika dukani kwa vitenge, kijana mmoja barabarani alinionyesha kitenge kizuri sana, cha kijani na maua ya njano. Akasema yadi 6, faranga 40,000. Nikapiga hesabu ya haraka: nitamrudishia mama wa harusi 5,000, atanisifu. Nikalipa. Jioni pale nilipolala, mwenye nyumba, ambaye ni dada wa rafiki yangu, akakifungua na kukipima. Akanitazama. "Mwalimu, hizi hazifiki tano." Alipima mara ya pili, ikawa vile vile. Kijana nitampata wapi?

Usiku ule sikulala vizuri. Ningeweza kumpa mama kitenge kile kile nikanyamaza, na angegundua fundi akishaanza kukata. Lakini nafundisha watoto wake hesabu. Asubuhi na mapema nilirudi Buyenzi na zile 5,000 zilizobaki, pamoja na 40,000 za viatu vyangu. Nikaingia dukani, nikamwomba mwenye duka akipime mbele yangu, yadi moja moja hadi sita. Hakukasirika. Alisema: "Mteja anayepima ndiye anayerudi."

Kwa hiyo hesabu yenu ni kamili, na atakayeniona bado na viatu vile vile asiniulize. Kile kitenge kifupi mama yangu amekishonea blauzi. Naye amepata zawadi ya Buja bila kuagiza.

ZIWANI

Ndagala nilikuwa nimewaacha hadi mwisho. Jioni ya siku ya pili nilishuka ziwani kuuliza bei. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake kinafika mita 1,470. Katika miaka ya karibuni maji yamepanda, yakaingia nyumba za watu Gatumba na Kibenga, na sehemu nyingi za mchanga zimeliwa. Ukungu ulikuwa bado upo. Nikangoja hadi giza, na mara nikaona taa nyingi upande wa magharibi, mstari mzima. Moyo ukaruka. Nikamwambia mvuvi mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu: "Baba, ile ndiyo Uvira?" Akacheka taratibu. "Hapana mwanangu. Ile ni mitumbwi ya ndagala. Tunawasha taa, samaki wanakuja. Usiku wa mbalamwezi hatuvui." Akanyamaza, kisha akasema: "Ukitaka kuona ng'ambo, njoo asubuhi sana, kabla moshi haujaamka."

Basi siku ya tatu, kabla ya kwenda Buyenzi, nilikuwa pale kabla ya jua. Wavuvi walikuwa wanarudi, na akina mama wanagombania ndagala wabichi. Kulikuwa na upepo kidogo. Jua lilipotoka nyuma yangu, juu ya milima ya Burundi, mwanga ulipita juu ya mji wote ukaanguka ng'ambo. Ikatokea milima ya Mitumba, mirefu, na mikunjo yake yote. Chini yake, karibu na maji, vitu vidogo vyeupe na vya kung'aa. Ni Uvira, mji ambao kwa barabara haufiki kilometa 40 kutoka pale. Nilitazama karibu nusu saa, kisha ukungu ukafunika tena. Watu walipita na ndoo zao, hakuna aliyejua naangalia nini.

Nikanunua ndagala. Halafu nikaenda kurekebisha kosa langu, na mchana nikapanda gari.

MASHAURI KWA ATAKAYEKWENDA

Andika orodha ya pesa za watu, jina na kiasi, na usizichanganye na zako. Kitenge kipimwe mbele yako, hata kama umeona haya. Ndagala wazuri ni wakavu, wanang'aa, hawana mchanga: chukua kiganja kimoja, sugua, utasikia. Kibali kiwe mfukoni muda wote, na uondoke mapema siku ya mwisho, maana gari laweza kukosa mafuta.

Niliporudi, Koko alikuwa wa kwanza kufika, kabla hata sijafungua mizigo. Nikamweleza yote, ukungu, taa za wavuvi, na ile nusu saa ya asubuhi. Akasikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza swali moja tu: "Mawingu yalikuwa yamekaa wapi?"

Nikafikiri. "Juu kabisa, Koko. Kwenye vichwa vya milima."

Akatikisa kichwa. "Basi mvua iko karibu. Watu wanatayarisha mashamba sasa." Akasimama, akaenda nyumbani kwake, na jioni nilimwona anapalilia kile kibustani chake cha nyuma ya nyumba.

Ramani iko ukutani, darasa la tano. Mzazi yeyote aje aione. Tuonane mwezi ujao.