Taka za Bamvua

Nyamisati, Jumatano 11 Juni 2025

Mwezi mpevu. Bamvua limepanda hadi nyuma ya vibanda vya wanunuzi wa kaa, likashuka na kuacha mstari wa taka: chupa za maji, vifuniko, kandambili za mguu mmoja, pampasi, nyavu za nailoni zilizochanika. Idi ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo tusimtafute mchawi mbali. Mifuko ya rambo imepungua kweli tangu katazo la Juni 2019. Chupa hazikuguswa na katazo lile, nazo ndizo zilizorithi pwani. Chache zina chapa za Indonesia na zimeota magamba ya bahari. Mkondo unaovuka bahari kutoka mashariki hutugonga huku kusini, kisha hupanda kaskazini kupita Mafia, basi tunapokea na za wageni.

Alhamisi 12 Juni

Kijana wa mradi mmoja wa taka amekuja kutoka Dar na kompyuta yake. Ametuonyesha video ya Interceptor, mtambo wa The Ocean Cleanup, taasisi iliyoanzishwa na Mholanzi Boyan Slat mwaka 2013. Boya refu hukingwa mtoni kwa mshazari, mkondo husukuma taka hadi mdomoni mwa mtambo, ukanda huzipandisha na kuzimwaga kwenye makontena, yote kwa umeme wa jua. Mto Klang wa Malaysia unao. Kazi safi, sikatai.

Mzee mmoja, pondo lake begani, akauliza, "Mwanangu, na maji yakijaa?"

Kijana akasema atakwenda kuuliza. Huku maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku; kilichoshuka asubuhi hupandishwa tena mchana. Halafu ufunge mlango upi wa delta hii ya Rufiji? Simba Uranga, Kikunya, Msala, na vijito ambavyo majina yake wanayajua wavuvi tu. Humo humo hupita boti, hutegwa nyavu za kamba, na masika yakikaza hushuka magogo. Mafuriko ya Aprili 2024 yangelibeba boya lolote hadi Mafia.

Jumapili 15 Juni

Tumeingia mikokoni, kikundi chetu cha usafi, maji yalipotoka. Delta hii ina karibu hekta 53,000 za mikoko, hakuna eneo kubwa zaidi la namna hii Afrika Mashariki, na taka inayoingia humu haitoki kirahisi. Mizizi ya mkoko hunasa chupa na kamba za nailoni. Anayeumia ni mchu: mizizi yake ya kupumulia imesimama matopeni kama penseli, na kiroba kikiilalia mti unakosa hewa. Mtambo gani utafika hapa? Tope lilitufika mapajani. Tulikuwa na visu, magunia na mtumbwi. Katika wavu mmoja mkuukuu tumekuta kaa, amebaki ganda tupu. Mwenye wavu kausahau zamani, wavu wenyewe bado unavua.

Jumanne 17 Juni

Nimeikumbuka Königsberg, manowari ya Wajerumani. Ilijificha humu kwa sababu ya vijito hivi hivi, hadi Waingereza walipoimaliza Julai 1915. Mwaka 1924 haki ya kuchukua mabaki yake ilinunuliwa, wapiga mbizi wakatoa shaba, na kazi ikaendelea hata miaka ya 1930. Hakuna aliyewahimiza kwa semina wala fulana. Shaba ilikuwa na bei. Chupa zetu, gunia zima halitingishi mizani.

Alhamisi 19 Juni

Maji mafu, taka mpya ni kidogo. Nimesoma kwenye simu: Septemba 2018 boya la mita 600 lilivutwa kutoka San Francisco kwenda kuisafisha Pasifiki. Plastiki ikawa inatoroka, na mwisho wa mwaka boya likakatika kipande. Wameliboresha tangu hapo. Septemba hiyo hiyo, Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, limevikwa kandambili. Januari 2019 likasafiri hadi Unguja. Nalipenda kwa kuwa ni kazi ya mafundi wa majahazi, kwa zana zao. Jahazi moja halimalizi taka za kijito kimoja, lakini ubao wa plastiki ni kitu ambacho mtu atatoa hela kununua. Mbao za gati hutobolewa na wadudu wa bahari kila siku.

Jumamosi 21 Juni

Nimempigia mnunuzi wa chupa Kibiti. Atakuja na Kenta iwapo chupa zitabanwa marobota. Zikiwa zimejaa upepo hazimrudishii hata dizeli. Kumbe tunachohitaji ni jeki na fremu ya chuma, na fundi wa kuchomelea yupo pale pale Kibiti. Nimemwandikia kijana wa mradi: boya abaki nalo, atusaidie jeki.

Nahodha wa boti ya abiria naye anataka nauli ya abiria mmoja kwa kila magunia mawili. "Katibu, gunia lako linakalia kiti." Nimemwambia robota litakaa chini, miguuni mwa watu. Tumevutana, amekubali robo nauli, ila lifungwe vizuri na lisinuke. Jumatatu nampelekea fundi vipimo.