Sombe hailiwi mbichi

Hapa Brussels kuna watu wanaolipa pesa nzuri ili chakula chao kisipikwe. Katika migahawa yao hakuna sufuria inayochemka. Kuna mashine ya kusaga, mashine ya kukausha na friji kubwa. Kanuni yao ni moja: chakula kisizidi joto la nyuzi 46 hivi, wengine huvumilia mpaka 48, kwa imani kwamba moto huua uhai uliomo ndani yake. Si jambo la jana. Daktari Mswisi Maximilian Bircher-Benner, ambaye mchanganyiko wake wa oti, tofaa na njugu leo unaliwa Ulaya nzima kwa jina la muesli, alikuwa akiwatibu wagonjwa wake wa Zurich kwa matunda na mboga mbichi zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Nami nilijaribu. Asubuhi matunda, mchana saladi na karanga, jioni juisi ya majani. Nikatuma picha kwenye kundi letu la familia, na jibu likaja kwa sauti kutoka kwa mdogo wangu aliyeko Kasongo, mkoani Maniema, mashariki mwa Kongo: “Yaya, hiyo juisi ya majani, hapa kwetu naweza kuitengeneza na sombe?”

Hapana, mdogo wangu. Sombe ni majani ya muhogo, na hayaliwi mabichi. Na kwa kuwa si wewe peke yako utakayeuliza, wacha nijibu kwa kirefu.

Nianze na yaliyonifaa. Mkate wa siagi na soda vilitoka mezani bila ugomvi, na nilirudia kula matunda kama nilivyokuwa nikila utotoni. Yasiyonifaa: tumbo lilijaa gesi, na saa mbili baada ya kula njaa ilikuwa imerudi. Hilo la njaa lina maelezo. Richard Wrangham, mtaalamu wa sokwe aliyefanya utafiti wake katika msitu wa Kibale, Uganda, aliandika kitabu kizima mwaka 2009 kueleza kwamba chakula kilichopikwa humpa binadamu nguvu nyingi kuliko kile kile kikiwa kibichi. Watafiti wa Giessen, Ujerumani, waliwachunguza watu zaidi ya 500 wanaokula vibichi na kutoa matokeo mwaka 1999: kadiri mtu alivyoshikilia vibichi ndivyo alivyokonda, na karibu wanawake 3 kati ya 10 walio chini ya miaka 45 hedhi yao ilivurugika au ilikatika kabisa. Dada anayetafuta mtoto alijue hilo kabla ya kuanza.

Halafu tazama kilichomo katika glasi yangu. Majani yamefika kwa lori lenye baridi. Yameoshwa kwa maji ya bomba ambayo mtu anayanywa bila kuyachemsha. Wasiokula nyama, samaki wala mayai hununua vidonge vya vitamini B12, maana mimea haina. Wazungu hawa wameuzima moto jikoni mwao, lakini kazi ya moto inafanywa na wengine: mtambo wa maji, chumba cha baridi, mkaguzi wa chakula, duka la dawa. Ukiuchukua mlo huo bila watumishi wake ukaupeleka Kasongo, umechukua nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayolinda.

Sasa nyumbani. Kusini mwa Maniema hatukungoja kufundishwa kula vibichi. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa na jeshi la ofisa Mbelgiji Dhanis lilipouteka mji wa Kasongo mwezi Aprili 1893, alieleza mashamba makubwa ya mpunga na miwa, na bustani za matunda zilizolimwa enzi za Waungwana, wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliotawala mji huo. Mpaka leo embe, papai, nanasi, ndizi na parachichi ndivyo vitafunio vyetu, na kumbikumbi wanaporuka baada ya mvua, watoto hawasubiri kikaango.

Lakini sombe ni habari nyingine. Mwangalie mama anavyoifanya. Anachuma majani machanga, anayatia kwenye kinu, anatwanga mpaka yanalegea na kutoa maji ya kijani na ile harufu kali inayopanda puani. Ndipo anapochemsha, muda mrefu, na mvuke unatoka. Mawese, karanga au samaki wa mto Lualaba ni baadaye. Mpangilio huo una sababu. Jani la muhogo lina sumu ya sianidi iliyofungwa. Mchi unaponda jani, na kimeng’enya kilichomo ndani ya jani lenyewe kinapata nafasi ya kuifungua hiyo sumu. Moto unaifukuza hewani. Ukichemsha majani mazima bila kutwanga, joto linakiua kile kimeng’enya kabla hakijafanya kazi, na sumu nyingi inabaki. Ukiyasaga na kuyanywa mabichi, unaifungulia tumboni mwako. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini hawakukosea mpangilio.

Muhogo mchungu ni vivyo hivyo, na hapo hata moto peke yake hautoshi. Mizizi hulowekwa majini siku tatu au nne mpaka ilainike, ikaanikwa juani, ikatwangwa unga, ndipo bugali unaposongwa. Anayefupisha safari hiyo anaweza kulipa kwa miguu yake. Ugonjwa unaitwa konzo: miguu yote miwili inapooza ghafla, na haiponi. Daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 kutokana na wagonjwa wa Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu. Mwaka 1981, wakati wa ukame, uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ukaonekana Tarime, Tanzania. Hushika zaidi watoto na wanawake, pale ambapo muhogo ndio chakula pekee na hakuna samaki wala maharage ya kuusaidia mwili kuondoa sumu. Nawafikiria ndugu wa Kabambare, huko huko Maniema, ambao vita vimewafukuza kutoka mashambani mwao mara nyingi. Mtu aliye mbioni, kitu cha kwanza anachokosa ni siku tatu za kuloweka.

Lipo pia suala la maji. Maniema ni kati ya mikoa ya mashariki ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara. Saladi iliyooshwa kwa maji ya mto inaweza kukupeleka hospitali kabla haijakupa hiyo afya unayoitafuta.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukitaka kuanza, anza hivi. Ongeza vibichi, usizime moto. Chagua matunda ya kumenya: ndizi, papai, embe, chungwa, parachichi. Nawa mikono na osha tunda kabla kisu hakijaligusa. Nyanya na matango yaoshe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa. Karanga zenye ukungu tupa, hata kama ni chache. Maharage mekundu, samaki, nyama, muhogo mchungu na sombe, visipite mdomoni bila moto. Na chungwa au embe lile pamoja na sombe yako: vitamini C yake huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika majani.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ni kwa wazazi. Matunda mengi mazuri ya vijijini hupakiwa kwenye baiskeli na kwenda sokoni, huku watoto wakibaki na bugali mtupu. Najua chumvi na ada za shule zinataka pesa. Ila kabla kikapu hakijafungwa, tolea watoto fungu lao.