Mfereji wa Mang'ola na Mdudu wa Vitunguu

Msafiri atokaye Karatu, kaskazini ya Tanzania, huteremka katika Bonde la Ufa hata kufika karibu na ziwa Eyasi. Ziwa hilo ni la chumvi, na nchi iliyo kandokando yake ni kavu, yenye miiba na vumbi. Lakini pale Mang'ola macho yetu hustaajabu kuona mashamba mapana ya vitunguu vya kijani kibichi. Sababu yake ni maji ya chemchemi, ambayo wakulima huyaongoza kwa mifereji mpaka majalubani. Vitunguu vyekundu vya huko hupakiwa malorini na kuuzwa mbali, hata nchi ya Kenya.

Jua kali huvifaa vitunguu, kwa maana katika ukavu magonjwa ya ukungu hupungua. Walakini humfaa pia adui yao, mdudu aitwaye thripi. Tukiyafunua majani ya katikati, pale shingoni, tutamwona: mwembamba, wa rangi ya manjano au kahawia, urefu wake kama milimita 1 tu. Hukwaruza jani na kufyonza utomvu wake, na jani hupata mabaka yang'aayo kama fedha. Majani yakidhoofika, kitunguu kilicho chini hakinenepi.

Wakulima wengi hukimbilia bomba la dawa. Tutazame kwanza jinsi mdudu huyu anavyoishi. Mayai yake hutagwa ndani ya jani lenyewe. Watoto hujificha shingoni, kisha wengi hushuka udongoni, hugeuka humo pasipo kula, hata watoke wenye mabawa. Basi dawa ya leo huua baadhi tu. Walio ndani ya jani na udongoni hupona. Baada ya siku chache shamba limejaa tena, na mkulima hurudia. Dawa ile ile ikitumiwa daima, uzao wa wale walionusurika huishinda, na wadudu wema waliokuwa wakiwala thripi hufa. Ndivyo mtu anavyozidi kununua dawa na kuzidi kupunguza mavuno.

Tena sumu haikai shambani. Katika nchi kame, maji yanyweshayo vitunguu ni hayo hayo wayategemeayo watu na ng'ombe. Aoshaye bomba lake mferejini humpelekea sumu jirani aliye chini.

Yafaa nini basi? Tuoteshe miche mbali na shamba la zamani, na mabaki ya mavuno tuyafukie. Tubadilishe mazao, wala tusipande kitunguu juu ya kitunguu. Karoti zikipandwa kati ya mistari husaidia kupunguza thripi. Tusiache mimea ione kiu, na mahali penye maji safi ya kutosha tuyanyunyizie juu ya majani, kwani huwaangusha wadudu kama ifanyavyo mvua. Tukague shingo za mimea kila juma. Dawa iwe ya mwisho: ielekezwe shingoni wakati wa jioni, aina yake ibadilishwe, na siku za kungoja kabla ya kuvuna zishikwe.

Nasi wa Kongo, tulimao mboga za kiangazi kandokando ya vijito, tunayo kazi iyo hiyo. Kitunguu kikipotea, mwaka ujao twaweza kupanda kingine. Kijito kikiharibika, tutanywa wapi?